Mcheza Dansi Anayetunga Muziki Hajabadilisha Kazi

Kila mara mtunzi wa dansi ya kisasa anapotoa muziki wake mwenyewe, kuna anayeuliza kama magoti yamechoka. Nimeulizwa swali hilo mara nyingi mno, na sasa naona heri nilijibu kwa maandishi. Wanaouliza huamini kwamba muziki ni kimbilio la mwili unaozeeka. Lakini Alwin Nikolais, mtunzi wa dansi wa Marekani, alinunua sintesaiza, yaani ala ya umeme ya kutengeneza sauti, ya mbunifu Robert Moog mwaka 1964 ili atunge mwenyewe sauti za maonyesho yake, huku kundi lake likiendelea kucheza. Mtunzi wa dansi Hofesh Shechter, aliyecheza katika kundi la dansi la Batsheva la Israeli na kujifunza upigaji wa ngoma kabla ya kuhamia London mwaka 2002, alitunga pia muziki wa onyesho lake la dansi Political Mother la mwaka 2010, akawaweka wapiga ngoma na wapiga magitaa ya umeme jukwaani pamoja na wachezaji. Hakuna kati yao aliyeiacha dansi.

Linaloniudhi zaidi ni imani kwamba muziki hutangulia, kisha hatua zikapachikwa juu yake. Mtunzi wa dansi Merce Cunningham na mtunzi wa muziki John Cage walikwisha kuivunja imani hiyo kwa kutengeneza dansi na muziki kila kimoja peke yake, lakini njia yangu ni nyingine. Mimi huingia mazoezini na mapigo matupu, bila besi wala sauti ya mtu, kwa sababu bado sijui miili itadai nini. Nikiona mchezaji anahitaji kuvuta pumzi kabla ya kuruka, naongeza pigo moja mahali hapo, na hesabu ya mapigo manane tunayohesabia hatua inakuwa tisa. Kasi ya mapigo 120 kwa dakika inaweza kupendeza masikioni na bado ikamnyima mchezaji nafasi ya kushuka sakafuni kwa uzito wake wote. Nikiishusha hadi 112, mwendo uleule unapata maana ambayo haukuwa nayo asubuhi. Besi huja mwishoni, kwani wachezaji wasiovaa viatu huipokea kwa nyayo, na ikikaa mahali pasipofaa huwavuta kabla ya wakati. Marekebisho kama haya hufanyika siku nzima, na ndiyo maana kompyuta yangu hukaa ukumbi wa mazoezi, si studio ya kurekodia.

Ni kweli pia kwamba muziki wangu hauhitaji kibali cha mwenye hakimiliki mwingine tunaposafiri na onyesho, ingawa hiyo si sababu ya kuutunga.

Wasiwasi wangu uko kwingine. Ninapotunga vyote viwili, muziki hutii mno, na dansi isiyopingwa na sauti yake huanza kulegea bila mimi kuona. Katika kazi ninayoiandaa sasa nimemkabidhi mwanamuziki mwingine sehemu ya kati, kwa sharti kwamba asiyaone mazoezi mpaka amalize, na wachezaji wangu bado hawajakubaliana kama nimefanya vyema.