Ubwiriunga, ubongo na galaksi: kwa nini vinafanana?

Mkulima wa korosho wa Newala au Tandahimba anaujua ubwiriunga, ugonjwa wa mkorosho unaoletwa na kuvu: unga mweupe juu ya majani machanga na maua, na hasara inayofuata asipopuliza salfa kwa wakati. Ukiweka kipande cha jani hilo chini ya hadubini, unga unageuka kuwa nyuzi angavu. Zinatambaa juu ya jani, zinagawanyika na kupishana, na baina yake zinaacha nafasi tupu. Hapa na pale vimesimama vijiti vilivyobeba vimbegu vya kuvu, tayari kwa kuchukuliwa na upepo.

Wanafunzi wanaofika chuoni kwetu hapa Mtwara huniletea kwenye simu picha yenye umbo kama hilo: upande mmoja seli za ubongo, upande wa pili galaksi, yaani mikusanyiko mikubwa mno ya nyota, na maneno kwamba ulimwengu ni ubongo mkubwa unaofikiri. Swali lao linastahili kujibiwa kwa kina, maana nusu ya madai hayo ina ukweli.

Galaksi hazikutawanyika ovyo. Mwaka 1986 wanaastronomia Valérie de Lapparent, Margaret Geller na John Huchra walitoa ramani iliyoonyesha galaksi zimejipanga kama kwenye kuta za mapovu ya sabuni, na ndani ya kila povu karibu hamna kitu. Ramani zilizofuata zimethibitisha hivyo. Galaksi hufuatana kwenye nyuzi zenye urefu wa mamilioni ya miaka ya nuru (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), na nyuzi zinapokutana ndipo yalipo makundi makubwa ya galaksi.

Mwaka 2020 Waitaliano wawili, Franco Vazza wa fizikia ya anga na Alberto Feletti, daktari wa upasuaji wa ubongo, waliamua kuupima mfanano huo kwa hesabu. Walikuta mpangilio wa ubongo wa nyuma, katika vipimo vya kuanzia sehemu ya elfu ya milimita hadi sehemu ya kumi, unakaribiana na mpangilio wa galaksi katika vipimo vya miaka ya nuru milioni 5 hadi milioni 500. Kila fundo la utando wa galaksi lilikuwa na viunganisho takriban 4, na katika gamba la ubongo takriban 5. Mwaka huohuo watafiti wa California walichukua programu inayoiga Physarum, kiumbe wa njano asiye na ubongo anayetambaa kutafuta chakula, wakaipa mahali zilipo galaksi 37,000. Programu ikachora nyuzi za kuziunganisha, na darubini ya Hubble ikathibitisha kuwa kwenye nyuzi hizo kuna gesi ya haidrojeni.

Sasa visababishi, na hapa ndipo ningependa msomaji atulie. Ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8. Mwanzoni maada ilienea karibu sawasawa, tofauti ikiwa kama sehemu 1 kwa 100,000. Palipozidi kidogo pakavuta zaidi, na aliyenacho akaongezewa. Mvutano huo, ukisaidiwa na maada ya giza, ile isiyoonekana, iliyo takriban mara tano ya maada ya kawaida, ndio uliosuka nyuzi. Ubwiriunga hauvutwi na chochote cha namna hiyo: hukua kwenye ncha zake na kutoboa seli za jani ili unyonye chakula. Seli za neva nazo huongozwa na kemikali. Visababishi ni vitatu tofauti, na bado umbo linakaribiana, kwa sababu kanuni nyepesi ikirudiwa mara nyingi huzaa matawi na mafundo. Kwangu mimi hilo linashangaza kuliko hadithi ya ubongo wa ulimwengu.

Hadithi hiyo haisimami. Ishara huvuka ubongo ndani ya sekunde moja. Nuru, ambayo hakuna kinachoishinda mbio, huchukua miaka takriban 100,000 kuvuka galaksi yetu peke yake.

Walimu wenzangu, mchoro wa atomi kama jua na sayari nao unahitaji tahadhari. Ni kweli kwamba mvutano wa jua na mvutano wa umeme vyote hupungua kwa mraba wa umbali. Lakini elektroni ingezunguka kiini kama sayari, ingetoa nuru, ingepoteza nishati na kuanguka kwenye kiini chini ya sehemu ya bilioni ya sekunde. Atomi isingedumu, na sisi tusingekuwepo. Elektroni haina njia ya kuzunguka tunayoweza kuichora.

Anayetaka kuona galaksi za jirani kwa macho yake asubiri katikati ya Novemba, usiku usio na mwezi, mbali na taa za mji. Ufukwe wa Msimbati unafaa sana. Kama saa tatu usiku, tazama kusini utafute kiwingu hafifu kisichohama na upepo. Hilo ni Wingu Dogo la Magellan, galaksi iliyo umbali wa miaka ya nuru takriban 200,000. Geukia kaskazini utafute ukungu mrefu kiasi: ni Andromeda, miaka ya nuru milioni 2.5. Yape macho robo saa kwenye giza bila kuwasha simu, na ukiwa na darubini ndogo ya mkononi, anza na Andromeda.