Je, Wajua? Kwa Nini Tourette ya Kwenye Simu Haifanani na Ile ya Hospitali

Ukitafuta neno Tourette kwenye TikTok au YouTube, hukawii kukutana na kijana anayetukana katikati ya sentensi, au anayerusha yai ukutani akiwa anapika, au anayejipiga kifuani huku wenzake wakicheka pembeni. Tazama video kumi za namna hiyo, utaamini kwamba Tourette ni ugonjwa wa matusi. Daktari wa mishipa ya fahamu atakueleza ugonjwa mwingine kabisa. Kwa nini picha hizi mbili zimeachana hivyo, na je, kuna anayeumia kwa sababu hiyo?

Tuuangalie kwanza ugonjwa wenyewe. Tourette huanza utotoni, mara nyingi kati ya miaka 5 na 7, na huwapata wavulana mara tatu au nne zaidi ya wasichana. Dalili zake huitwa tiki, yaani miondoko au sauti za ghafla, fupi, zinazojirudia bila mtu kukusudia. Aghalabu huanzia usoni. Mtoto wa darasa la pili anaanza kupepesa macho kupita kiasi. Mama anadhani ni vumbi, anampeleka kupimwa, macho yanaonekana hayana kasoro. Baada ya miezi michache kupepesa kunaisha, kunakuja kukunja pua, kisha kutikisa shingo, kisha kukohoakohoa na kuvuta makamasi ilhali hana mafua. Mwalimu anamkemea aache. Anaacha, dakika tano, pengine kumi, halafu tiki zinarudi kwa kishindo.

Hapo ndipo watu wazima wengi wanapomdhulumu mtoto. Kwa kuwa ameweza kujizuia kwa muda, wanasema basi anafanya makusudi. Ukweli ni kwamba kabla ya tiki mtu huhisi msukumo mwilini, kama ule wa kutaka kupiga chafya, na kadiri anavyoubana ndivyo unavyozidi. Mtoto anayetulia darasani kwa saa nzima huwa ametumia nguvu zake zote katika kutulia. Somo lenyewe hakulisikia. Kwa wengi hali hufikia kilele kwenye umri wa miaka 10 hadi 12, kisha hupungua wanapokaribia utu uzima.

Matusi yapo, ila ni kwa wachache: kiasi cha asilimia 10 hadi 20 ya wagonjwa. Wengi waliobaki hawatukani kamwe bila kutaka.

Lakini matusi ndiyo yanayokumbukwa, na hili halikuanza na simu. Daktari Mfaransa Georges Gilles de la Tourette alipoandika ripoti yake ya mwaka 1885, alieleza wagonjwa tisa. Anayetajwa hadi leo ni mmoja: mwanamke wa tabaka la juu, Marquise de Dampierre, aliyekuwa akitoa maneno machafu mbele ya wageni wa heshima, na ambaye habari zake zilikuwa zimeandikwa tangu mwaka 1825. Wagonjwa waliokuwa wakitikisika tu hawakupata msimuliaji.

Mitandao ya video imechukua udhaifu huo wa kibinadamu na kuufanya mtambo. Programu hupima mtu ametazama kwa sekunde ngapi, amerudia mara ngapi, ametuma kwa nani. Mtoto anayepepesa macho anapitwa kwa kidole. Kijana aliyemtukana polisi anatazamwa mpaka mwisho, anatumwa kwenye kundi la WhatsApp, na kesho yake programu inakuletea wengine kama yeye. Mwenye video naye anaona ni zipi zimependwa na zipi zimekufa. Hahitaji kuwa mwongo ili picha ipotoke. Inatosha aweke zile zinazopata watazamaji na kuacha zile siku nyingi ambazo hakuna kilichotokea. Zaidi ya hapo, tiki zina tabia ya kuamka zinapozungumziwa, na huongezeka kwa wasiwasi na msisimko. Mtu anayekaa mbele ya kamera kuelezea tiki zake huwa nazo nyingi kuliko siku ya kawaida, hata akiwa mkweli kabisa.

Wala si Tourette peke yake. Mwaka 2022 watafiti wa Kanada walichapisha uchambuzi wa video 100 za TikTok zilizopendwa zaidi kuhusu ADHD, ile hali ya kushindwa kutulia na kukaza fikra. Video 52 zilikuwa za kupotosha. Mwaka uliofuata, watafiti wa Marekani walipima video za TikTok zinazotoa maelezo kuhusu usonji (autism): asilimia 27 ndizo zilizokuwa sahihi, asilimia 41 zilikuwa na makosa, na zilizobaki zilichukua jambo linalowahusu baadhi na kulivika wote. Kosa hili la mwisho ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu halina sura ya uongo. Mtu anasema, “mimi nina usonji na siwezi kuvumilia kelele,” na ni kweli tupu. Anayesikiliza anaondoka na kipimo cha kumpimia kila mtu.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hata madaktari hawakulitarajia. Februari 2019, kijana Mjerumani mwenye Tourette ya kweli, Jan Zimmermann, alianzisha na rafiki yake chaneli ya YouTube iitwayo Gewitter im Kopf. Ikapata wafuasi zaidi ya milioni mbili. Miezi michache baadaye, kliniki ya Tourette ya chuo kikuu cha tiba cha Hannover ikaanza kupokea vijana wa aina mpya. Dalili zao hazikuanza kidogokidogo utotoni. Ziliibuka ghafla, wakiwa wamekwisha kubalehe au zaidi. Hazikuanzia machoni, bali zilikuwa mikono inayorushwa, vitu vinavyotupwa, na maneno marefu. Na maneno yalikuwa yaleyale: vijana wa miji tofauti, wasiojuana, walitamka “papa wanaoruka”, “chipsi”, “una sura mbaya”. Tourette haifanyi hivyo. Kila mgonjwa huwa na tiki zake. Maneno hayo yalikuwa yametoka kwenye chaneli.

Profesa Kirsten Müller-Vahl wa kliniki hiyo na wenzake waliandika kwamba hiyo si Tourette, bali ni maradhi ya kundi yanayoenea kwa kuona na kusikia, na kwamba kwa mara ya kwanza walikuwa wanayaona yakienea kwa njia ya mtandao. Kwingine nako mambo yalikuwa hivyohivyo. Madaktari wa watoto jijini London, ambao wagonjwa wa aina hiyo waliwapata wachache kwa mwaka, mwanzoni mwa 2021 walikuwa wakiletewa watatu au wanne kila wiki, wengi wao wasichana. Shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya UVIKO-19, watoto wamefungiwa ndani na simu, na wengi wao walikuwa tayari na wasiwasi mkubwa au sonona. Kwa hiyo video pekee haikutosha kuwaumiza. Ila dhiki iliyokuwa inatafuta pa kutokea ilionyeshwa njia.

Je, walikuwa wanaigiza? Hapana, na nasisitiza hapana. Mwili unaweza kubeba dhiki na kuitoa kwa mtikisiko, kupooza au kilio bila mwenyewe kuamua. Sisi watu wa Afrika Mashariki tunapaswa kulijua hili kuliko wengine. Januari 30, 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Kufikia Machi 18 shule ilipofungwa, walikuwa 95 kati ya 159. Walimu watu wazima hawakupatwa. Wasichana waliporudishwa makwao, hali ikaenda nao, mpaka Nshamba ambako iliwapata watu 217. Madaktari Rankin na Philip, waliochunguza kisa hicho, walipima wasione sumu wala vijidudu.

Hata kisa hicho, video zimekigeuza kichekesho: nyingi husimulia kwamba watu wa Tanganyika walicheka mfululizo kwa mwaka mmoja na nusu. Ripoti ya madaktari inaeleza vipindi vya kucheka na kulia vya dakika chache hadi saa chache, vikiachiana nafasi, na kwa mtu mmoja havikuzidi siku 16. Ndani yake kulikuwa na hofu, kutotulia, wengine wakihisi wanakimbizwa. Watoto walikuwa wanateseka.

Oktoba 2023 mambo kama hayo yakatokea katika shule ya wasichana ya Eregi, kaunti ya Kakamega nchini Kenya. Wasichana karibu 100 walishindwa kutembea vizuri, miguu ikitetemeka, wakashikwa mikono na wenzao. Tofauti na Kashasha ni kwamba safari hii kulikuwa na simu. Nyuso za watoto wa shule zilizunguka dunia nzima kabla wazazi wengine hawajafika getini, na chini yake watu wakabishana: mapepo, chanjo, uvivu wa mitihani. Maafisa wa afya walipotaja msongo wa mawazo, wengi walisikia kwamba wasichana wale walikuwa waongo. Ndivyo ilivyo pia kwa mtu mwenye kifafa anayeanguka stendi: kuna anayemlaza ubavu, na kuna watano wanaorekodi.

Habari njema ni kwamba vijana wale wa Ulaya na Amerika wengi wamepata nafuu. Waliokuwa na bahati walielezwa kwa upole hali yao ni ipi, wakatibiwa wasiwasi wao, wakashauriwa kukaa mbali na video za tiki. Wenye Tourette ya kweli wana tiba pia, hasa mazoezi ya kuitambua ile hamu ya tiki na kuijibu kwa mwondoko mwingine, na dawa kwa walio na hali kali.

Na simu ina kazi yake halali hapa. Tiki hupotea mara nyingi mtoto akifika mbele ya daktari, na kifafa hakingoji miadi, kwa hiyo madaktari wenyewe huomba video. Kama mwanao ana dalili za ghafla, mhakikishie usalama kwanza, kisha mwombe mtu wa pili arekodi. Achukue uso na mikono yote miwili. Ionekane kama macho yako wazi au yamefumba. Mwite jina, isikike kama anajibu. Aendelee kurekodi mpaka hali iishe na dakika chache baadaye, kwa sababu namna mtu anavyorudiwa na fahamu humwambia daktari mengi. Kama ni degedege au kifafa na kimepita dakika tano, wekeni simu chini na mtafute gari. Video hiyo mpe daktari, kisha ibaki kwenu.