Ndia au Njia: Skrini na Lugha ya Nyumbani Mvita

Alasiri moja, katika nyumba moja ya Mji wa Kale, Mombasa, nilimsikia msichana wa miaka sita akimsahihisha nyanya yake. Bibi huyo alikuwa akipita na sinia la mahamri, akamwambia, “Nipisha ndia, mwanangu.” Mtoto aliinua uso kutoka kwenye simu, akajibu kwa adabu, “Nyanya, si ndia, ni njia.” Bibi alicheka, lakini kuanzia hapo hadi nilipoaga, alikuwa akisema njia.

Ndia si kosa. Ni Kimvita, lahaja ya Kiswahili cha Mombasa ambayo Muyaka bin Haji aliitungia mashairi yake mwanzoni mwa karne ya 19, na ambamo nchi ni nti na macho ni mato. Hakuna aliyemwambia mtoto yule kwamba lugha ya kwao ni duni. Amelifikia wazo hilo mwenyewe kwa kutazama, siku nenda siku rudi, katuni na video ambazo ndani yake hamna hata mtu mmoja anayesema kama nyanya yake, kwa kuwa mtoto hujifunza thamani ya kitu kwa kukiona kikitajwa na kuheshimiwa, na asichokiona kabisa hukihesabu kuwa hakifai.

Sisemi kwamba picha za ng’ambo ni sumu. Mji wa bandari huishi kwa kupokea, na mfano bora ni Juma Bhalo, gwiji wa taarabu aliyefariki mwaka 2014, ambaye alichukua mahadhi ya filamu za Kihindi akayatilia mashairi ya Kiswahili, na hakuna Mswahili anayeziona nyimbo zile kuwa za wageni. Yeye alipokea sauti, maneno akayatoa nyumbani. Mtoto wa leo anapokea sauti pamoja na maneno, na nyumbani haombwi kutoa chochote.

Televisheni ya humu nchini nayo ina lake. Kanuni za utangazaji za Kenya zinavitaka vituo vitenge angalau asilimia 40 ya muda wao kwa vipindi vya nchini, jambo jema, ila tamthilia iliyotungwa na kuigizwa Nairobi hutimiza sharti hilo hata kama Mpwani anayeonekana humo ni mganga au jini aliyevaa leso. Kijana wa Kisauni akionyeshwa sura hiyo miaka kumi mfululizo, atajicheka mwenyewe kabla hajachekwa na wengine, na hilo linanihuzunisha kuliko kupotea kwa neno moja.

Kanuni hizo pia hulinda muda wa kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku dhidi ya vipindi visivyowafaa watoto. Simu haina saa wala asilimia. Programu za video fupi hupima mtazamaji amekawia wapi, kisha humletea zaidi ya kile kile, kwa hiyo mtoto aliyetazama katuni tatu za lafudhi moja huletewa ya nne kabla hajaiomba. Zamani ukumbini kulikuwa na televisheni moja, na shangazi au mjomba aliyekuwapo aliweza kuuliza, kupinga, hata kusema “kwetu hatusemi hivyo.” Sasa kila mmoja ana skrini yake, na sauti hiyo ya kupinga haipo.

Kwa sababu hiyo tunawaomba wazazi waketi na watoto wanapotazama, japo kwa nusu saa, na wavitaje vitu kwa majina ya nyumbani. Simu hiyo hiyo inaweza kurekodi. Mpeni mtoto amrekodi nyanya akikanda unga wa mahamri, amuulize jina la kila chombo na kila hatua, na akisikia ndia, aiache kama ilivyosemwa.