Je, wajua kwa nini onyesho lililoshindwa Broadway lilidumu miaka sita kwenye ukumbi wa viti 299?

Aprili 1933, opera moja kutoka Ujerumani ilipandishwa jukwaani Broadway, jijini New York, katika ukumbi wa Empire. Ilichezwa mara 12, basi. Watu hawakujitokeza na ikafungwa. Miaka 21 baadaye opera hiyo hiyo, yenye hadithi ile ile ya wezi, makahaba na ombaomba, ilirudishwa katika jengo dogo la mtaa wa Christopher, mbali na taa za Broadway. Mara hii ilichezwa zaidi ya mara 2,600.

Opera yenyewe ni *The Threepenny Opera*, maneno ya Bertolt Brecht na muziki wa Kurt Weill. Ilizaliwa Berlin tarehe 31 Agosti 1928, ikiwa imejengwa juu ya tamthilia ya Mwingereza John Gay ya mwaka 1728. Ukumbi ulioiokoa opera hiyo huko New York ulikuwa unaitwa Theatre de Lys. Swali ni hili: ukumbi mdogo namna ile uliwezaje kufanya kile ambacho ukumbi mkubwa ulishindwa? Jibu langu ni kwamba uliweza kwa sababu ulikuwa mdogo, na nitaeleza.

Kwanza tuelewane kuhusu Broadway. Wengi tunapolisikia jina hilo tunafikiria barabara, na barabara ipo kweli. Lakini katika biashara ya maonyesho, Broadway ni tabaka la kumbi kubwa. Kwenye miaka ya 1950 chama cha waigizaji, Actors' Equity, kilikubali mkataba wa pekee kwa kumbi zilizo nje ya eneo kuu la maonyesho na zisizozidi viti 299. Huko mwigizaji alilipwa kidogo sana kuliko mwenzake wa Broadway, na mtayarishaji alibeba mzigo mwepesi zaidi. Sheria za majengo za jiji nazo zilikuwa kali zaidi kwa ukumbi wa viti 300 na kuendelea, hasa upande wa tahadhari ya moto. Ndiyo maana ukipitia historia ya kumbi ndogo za New York utaikuta namba 299 tena na tena. Hiyo ndiyo Off-Broadway.

Sasa piga hesabu. Ukumbi wa viti 299 ukicheza mara nane kwa wiki, ukijaa kila mara, unahitaji watu 2,392. Ukumbi wa Broadway wenye viti 1,200 unahitaji watu 9,600 katika wiki hiyo hiyo, na gharama zake ni kubwa kiasi kwamba ukijaza nusu tu, mtayarishaji anaanza kutafuta mlango wa kutokea. Kwa hiyo onyesho la Broadway halina muda. Lazima lipendwe wiki ya kwanza. Onyesho la ukumbi mdogo linaweza kungoja habari zake zisambae mdomo kwa mdomo, mtu amwambie jirani, jirani amwambie shemeji. Opera ya Brecht na Weill ilihitaji muda huo kuliko kazi nyingi, maana haikumbembeleza mtazamaji. Shujaa wake, Macheath, ni jambazi. Tajiri wake, Peachum, anaendesha ombaomba wa London kama kampuni. Askari wanakula rushwa. Ni kazi inayomtazama mtazamaji machoni na kumuuliza: kati ya mwizi na mwenye benki, nani hasa mwizi?

Theatre de Lys yenyewe haikuanza kama ukumbi wa tamthilia. Jengo la namba 121, mtaa wa Christopher, mtaani Greenwich Village, lilijengwa mwaka 1926 likiwa sinema iliyoitwa New Hudson, yenye viti 590. Mapema miaka ya 1950 mtu aitwaye William de Lys aliligeuza kuwa ukumbi wa maonyesho na kulipa jina lake. Lilifunguliwa tarehe 9 Juni 1953 kwa tamthilia ya *Maya*, ambayo haikudumu. Mwezi huo huo likaja onyesho la *The Scarecrow*, ambamo Patricia Neal na Eli Wallach waliigiza, na katika nafasi ndogo alikuwamo kijana mmoja ambaye bado hakujulikana na wengi, James Dean. Septemba ikaja *End as a Man*, na Ben Gazzara ndani yake. Hiyo ilifanya vizuri hata ikahamishiwa Broadway. Hayo yote ndani ya miezi minne ya kwanza. Mtaa ulikuwa unachemka: mwaka mmoja kabla, ukumbi jirani wa Circle in the Square ulikuwa umemtoa mwigizaji Geraldine Page katika tamthilia ya *Summer and Smoke*, na wahakiki wa magazeti makubwa wakaanza kuona kwamba inafaa kushuka hadi Greenwich Village.

Tumrudie Kurt Weill. Alikuwa Myahudi, na Wanazi walipochukua madaraka mwaka 1933 aliikimbia Ujerumani, akaishia Marekani. Huko alifanikiwa kwa kuandikia Broadway muziki wa namna nyingine, lakini opera yake ya Berlin ilibaki kama haipo. Mwanzoni mwa 1950 mtunzi wa Kimarekani Marc Blitzstein alianza kutafsiri nyimbo zake, akampigia Weill simu na kumwimbia wimbo mmoja. Weill alifurahi sana. Miezi michache baadaye, Aprili, akafariki dunia akiwa na miaka 50.

Mjane wake alikuwa Lotte Lenya, mwimbaji na mwigizaji kutoka Vienna aliyekuwamo katika onyesho lile la kwanza la Berlin mwaka 1928, akicheza Jenny, kahaba anayemsaliti Macheath. Kwa maoni yangu huyu mama ndiye moyo wa habari hii yote. Watayarishaji walimjia wakitaka kuubadili muziki, wauongezee okestra kubwa, waufanyie mapambo ya Broadway. Alikataa. Juni 1952 tafsiri ya Blitzstein iliimbwa kwenye tamasha katika Chuo Kikuu cha Brandeis, Leonard Bernstein akiongoza okestra na Lenya mwenyewe akiimba. Kisha wakaja vijana wawili ambao hawakuwa na jina wala fedha nyingi, Carmen Capalbo na Stanley Chase, wakaahidi kwamba watauacha muziki wa Weill kama alivyouandika. Akawakubalia. Wakakodi Theatre de Lys.

Hapa ndipo udogo wa ukumbi ulipogeuka kuwa faida ya pili, tena ya kisanaa. Weill aliuandika muziki ule kwa bendi ya watu wachache, mwanamuziki mmoja akishika vyombo kadhaa, katika sauti ya vilabu vya pombe vya Berlin. Katika ukumbi mkubwa sauti hiyo inapotea. Katika chumba cha viti 299 kila mkwaruzo wa sauti ya Lenya ulimfikia mtu wa kiti cha nyuma. Alikuwa na miaka 55 wakati huo, alidhani amepitwa na umri wa kumcheza Jenny, na sauti yake ilikuwa imeshuka na kuwa nzito kuliko ya ujanani. Ikawa ndiyo hasa iliyotakiwa.

Onyesho lilifunguliwa tarehe 10 Machi 1954, Scott Merrill akiwa Macheath, Jo Sullivan akiwa Polly, na Beatrice Arthur, ambaye baadaye televisheni ilimfanya maarufu kote Marekani, akiwa Lucy. Fikiria na wakati wenyewe. Brecht alikuwa amehojiwa na kamati ya Bunge la Marekani kuhusu ukomunisti mwezi Oktoba 1947, akaondoka nchini kesho yake, na sasa alikuwa anaishi Berlin Mashariki. Blitzstein naye aliwahi kuwa mkomunisti. Na mwezi Aprili 1954, onyesho likiendelea, vikao vya Seneta Joseph McCarthy, msaka wakomunisti, na jeshi vilikuwa vinarushwa kwenye televisheni nchi nzima. Kuipandisha Broadway kazi ya watu hao mwaka ule lingekuwa jambo gumu mno. Mtaa wa Christopher haukuwa na wafadhili wakubwa wa kuogopa.

Ukumbi ukajaa. Lakini baada ya maonyesho 96, mwishoni mwa Mei, onyesho likafungwa huku watu wakiwa bado wanatafuta tiketi! Sababu haikuwa fedha wala siasa. Ukumbi ulikuwa umekwisha kukodishwa kwa watu wengine, na mkataba ni mkataba. Huo ndio udhaifu wa nyumba ndogo za kukodi: hata ukipata bahati, bahati yenyewe ina tarehe ya mwisho.

Aliyekataa kunyamaza ni Brooks Atkinson, mhakiki wa New York Times. Kila onyesho lililofuata pale lilipomchosha, alikumbusha kwenye safu yake kwamba ingekuwa heri kuirudisha *The Threepenny Opera*. Alifanya hivyo mara nyingi hata ikawa kama wimbo wake. Magazeti siku hizo yalikuwa na nguvu hiyo.

Ndipo anapoingia Lucille Lortel. Alikuwa mwigizaji aliyeacha jukwaa baada ya kuolewa na Louis Schweitzer, tajiri wa viwanda vya karatasi za sigara. Kiu ya sanaa haikumwisha. Mwaka 1947 aligeuza ghala la shamba lao huko Westport, Connecticut, kuwa mahali pa kujaribia tamthilia mpya. Mwaka 1955, katika kuadhimisha miaka 24 ya ndoa yao, mumewe alimnunulia zawadi: Theatre de Lys, jengo zima. Lortel akawafungulia mlango Capalbo na Chase, na tarehe 20 Septemba 1955 onyesho likarudi.

Halikutoka tena hadi Desemba 1961.

Mwenye nyumba asiyetegemea kodi ya mwezi ni sababu ya tatu ya onyesho kudumu, na hatuna budi kuisema waziwazi: sanaa hii ilisimama juu ya fedha za karatasi za sigara. Lakini kuna sababu ya nne, ambayo haikupangwa na mtu. Ndani ya opera mna wimbo unaohesabu mauaji ya Macheath, ambao Blitzstein aliupa Kiingereza kilichokaa vizuri mdomoni. Siku chache tu baada ya onyesho kurudi, Louis Armstrong aliurekodi kwa jina la “Mack the Knife”. Lenya alikuwapo studio, na Armstrong akalichomeka jina la Lenya katikati ya maneno ya wimbo, kana kwamba naye ni mmoja wa wahusika. Kisha mwimbaji Bobby Darin akaurekodi upya, akaliacha jina la Lenya pale pale, na mwaka 1959 wimbo ukashika namba moja Marekani. Sasa chukulia wewe ni mgeni umefika New York, redio inaupiga wimbo huo mchana kutwa, kisha unasikia kwamba opera ulimotoka wimbo huo bado inachezwa mtaa wa Christopher. Utaacha kwenda?

Mwaka 1956 Lenya alipewa tuzo ya Tony, ambayo ni tuzo ya Broadway, kwa kazi aliyoifanya nje ya Broadway. Hilo si jambo la kawaida hata leo. Yeye aliondoka jukwaani mapema, lakini mashine ilikuwa imekwisha kuwaka. Mamia ya waigizaji walipokezana nafasi zile kwa miaka sita, wakiwamo Ed Asner na Jerry Orbach walipokuwa bado hawana jina. Orbach alitoka hapo akaenda ukumbi mwingine mdogo wa mtaani, Sullivan Street Playhouse, kuanzisha *The Fantasticks* mwezi Mei 1960. Hiyo ilikuja kuchezwa hadi mwaka 2002, tena kwenye viti 153 tu.

Lortel, kwa upande wake, alijikuta katika hali ya ajabu. Amepewa ukumbi, na ukumbi umeshikwa na onyesho moja lisilokwisha. Alitaka kujaribu kazi mpya lakini hakuwa na usiku hata mmoja. Akabuni njia. Kuanzia 1956 akaanzisha maonyesho ya mchana, siku za Jumanne, kazi moja moja, waigizaji wakicheza katikati ya mandhari ya jukwaa ya ile opera. Siobhán McKenna, mwigizaji wa kike kutoka Ireland, alimcheza Hamlet hapo mwaka 1957. Mwaka 1959 mashairi ya Langston Hughes yalipanda jukwaa hilo kama *Shakespeare in Harlem*. Mchana huo wa Jumanne uliendelea kwa takriban miaka 20, na kwangu mimi ni mchango mkubwa kuliko hata ile opera, kwa sababu ulifungulia mlango kazi ambazo hakuna mtayarishaji angezipa jioni.

Tatizo la Lortel halikuwa lake peke yake. Onyesho moja linapokalia ukumbi miaka sita, mwandishi mpya anakosa pa kwenda. Gharama za Off-Broadway nazo zilikuwa zinapanda mwaka hadi mwaka. Vijana wakaingia kwenye mikahawa na vyumba vya chini ya ardhi: Caffe Cino ya Joe Cino, iliyofunguliwa mwaka 1958 mtaa wa Cornelia, kisha La MaMa ya Ellen Stewart mwaka 1961. Hiyo ikaitwa Off-Off-Broadway, na kwa sehemu ilizaliwa na mafanikio ya kumbi kama de Lys.

Opera ilipofungwa, Lenya alirudi kwenye jukwaa hilo hilo Januari 1962 katika *Brecht on Brecht*. Miaka ya baadaye ikaleta kazi za waandishi wa tamthilia David Mamet na Sam Shepard, na tarehe 16 Novemba 1981 ukumbi ukapewa jina la mwenyewe, Lucille Lortel Theatre. Lortel alifariki mwaka 1999 akiwa na miaka 98.