Uvimbe wa ovari: kwa nini sichukui kinyama kabla ya kukupasua

Safari hii alikuwa shemeji wa mgonjwa. Simu mkononi, kasoma, kajiandaa. "Dokta, sisi hatukatai operesheni. Lakini mtu hapasuliwi kabla hajajulikana anaumwa nini. Chukueni kinyama kwanza, kipande kidogo tu cha uvimbe, kipimwe, jibu likija ndiyo mpasue." Ndugu waliokuwa benchini wakatikisa vichwa kukubali. Siwalaumu sana. Titi linachukuliwa kinyama kwanza, mlango wa kizazi vilevile, tezi dume vilevile. Ila hoja hii naisikia kliniki kila mara, na kila mara naijibu nimesimama kwenye korido huku nesi ananiita. Naiandika leo, na atakayefuata nitamtumia linki.

Ovari si titi. Imekaa ndani kabisa, imezungukwa na utumbo na ule utando laini unaofunika tumbo lote kwa ndani. Uvimbe wake mara nyingi ni mfuko: nje ganda, ndani majimaji, uteute au nyama. Kama ndani mna kansa, na kansa hiyo bado iko kwenye ovari moja, ganda zima, maji ya tumbo safi, hiyo ni hatua 1A. Baadhi ya wanawake wa hatua hiyo, kutegemea aina ya kansa yenyewe, wanamalizana na upasuaji tu, hawaguswi na dripu za kansa. Sasa ingiza sindano. Ganda limetobolewa, maji yanachuruzika tumboni, na yule yule mama aliyeamka asubuhi akiwa 1A analala akiwa 1C, hatua ya ganda lililopasuka. Mgawanyo wa hatua wa 2014 wa FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake, umetenga hata kifungu maalumu, 1C1, kwa uvimbe uliopasuka wakati wa upasuaji. Yaani sisi wapasuaji tumetengewa mstari wetu wa lawama kwenye jedwali la dunia nzima. Mnataka nianze kuujaza mgonjwa akiwa bado hajaingia thieta?

Na hata tukisema maji hayakuvuja, kile kinyama chenyewe hakiaminiki. Ukionja kijiko kimoja cha pilau umeijua chumvi ya sufuria zima. Uvimbe wa ovari si pilau. Kuna uvimbe wa uteute unaofika uzito wa mtoto mchanga, kona moja haina neno, kona ya pili iko njia panda kati ya kansa na isiyo kansa, kona ya tatu ni kansa kamili. Sindano ikiangukia kona ya kwanza, unapewa karatasi iliyoandikwa "hakuna kansa" na unakwenda nayo nyumbani kwa furaha. Ndiyo maana mtaalamu wa patholojia akiletewa uvimbe wa namna hiyo anaukata vipande vingi, hatosheki na kimoja. Maji yaliyonyonywa ndiyo kabisa: chembe za kansa zinaweza zisionekane humo, na mfuko unajaa tena. Nimepokea wagonjwa walionyonywa kwingine, wakaambiwa wamepona, wakarudi na tumbo lile lile.

Upande wa pili wa benchi wanakaa bibi zetu na msemo wao kwamba kansa ikiguswa na kisu inasambaa, eti inapigwa na hewa. Hewa haina kosa lolote. Lakini nikiwa mkweli, kwenye ovari bibi yuko karibu na ukweli kuliko shemeji mwenye simu. Si kisu, si hewa, ni kumwaga. Ndiyo maana nikiushuku uvimbe nakata mkato wa kusimama, kutoka chini ya kitovu na pengine kupita juu yake, badala ya ule wa bikini. Nautaka utoke mzima kama ulivyokaa. Dada yako alitolewa fibroidi kwa mkato wa chini usioonekana, ni kweli, hongera kwake. Fibroidi hata ukiikatakata humo humo, mara nyingi hainuni. Wewe nahitaji nikufikie mpaka juu, nichukue maji ya kupima, niukague utando, ini, utumbo, na pengine niondoe lile pazia la mafuta linaloning'inia mbele ya utumbo. Matundu madogo ya kamera ni mazuri sana kwa uvimbe mdogo usio na dalili mbaya, pale vifaa vilipo. Kovu refu linaudhi, najua.

Sasa la korido ambalo huwa silisemi. Kumwagika huku kunamdhuru mgonjwa kwa kiasi gani hasa, wataalamu hatujakubaliana. Tafiti nyingine zinaonyesha ugonjwa unarudi zaidi. Nyingine zinasema uvimbe uliopasuka ndio ule ule uliokuwa umeng'ang'ania kila kitu na wenye seli kali tangu mwanzo, kwa hiyo tunausingizia mpasuko kosa la ugonjwa wenyewe. Sijui nani mkweli. Najua tu kwamba uvimbe uliotoka mzima hauhitaji mjadala.

Na kuna wakati kinyama tunakichukua kweli, ndipo watu wanaponiona kigeugeu. Tumbo likiwa limejaa maji na ugonjwa umeshatapakaa, hakuna tena ganda la kulinda. Hapo tunachoma sindano kwenye lile pazia la mafuta, tunathibitisha, na wengine tunawaanzishia dawa za kansa kwanza, upasuaji baadaye. Kipi kianze kati ya kisu na dawa ni ugomvi wa miaka. Majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa 2010 na 2015 yalionyesha kuanza na dawa hakufupishi maisha ukilinganisha na kuanza na kisu, na bado madaktari tunabishana. Sababu ya pili ya kuchukua kinyama ni kifua kikuu cha tumbo. Binti kakonda, anatoka jasho usiku, tumbo maji, altrasaundi inasema uvimbe, kile kipimo cha damu cha CA-125 kiko mamia. Ukoo mzima unalia kansa. Kumbe ni TB, anameza dawa miezi sita, tumbo linanywea. Huyo kumfungua tumbo zima na kumng'oa ovari ni dhambi.

Nimeitaja CA-125, basi tuimalize. Zaidi ya 35 tunasema imepanda. Inapanda kwa kansa ya ovari, na inapanda kwa endometriosisi (utando wa ndani ya kizazi kuota nje yake), fibroidi, mimba, hedhi, maambukizi ya nyonga, ini bovu, na hiyo TB. Na upande wa pili, karibu nusu ya kansa za hatua ya kwanza hazimpandishi mtu kitu. Tafadhali usiende maabara ya mtaani kujipima "ujue tu". Mwanamke aliyekoma hedhi, uvimbe una vyumba na nyama ndani, CA-125 iko juu: hapo namba ina maana. Kuna hesabu tunayoifanya kuzidisha hayo matatu, na ikivuka 200 huyo anastahili kupelekwa kwa mpasuaji wa kansa, si mimi daktari wa kila kitu. Binti wa miaka kumi na tano ana vipimo vyake vingine kabisa vya damu, AFP, hCG na LDH, kwa sababu kansa za umri wake mara nyingi zinatokana na seli za mayai, na kwa dawa zinapona vizuri sana hata kama tumemwachia kizazi na ovari ya pili.

Kwa hiyo jibu la shemeji ni hili: operesheni yenyewe ndiyo kinyama. Hospitali chache zina mtaalamu wa kusoma kinyama papo hapo huku tumbo liko wazi, na hata yeye anaweza kukosea, hasa kwenye ule uvimbe wa uteute. Wengine tunaamua kwa macho, vidole, na tuliyokubaliana na mgonjwa akiwa macho. Hapo ndipo penye kazi kubwa kabla ya thieta, na ndipo watu wanaporukia kusaini. Niambie mapema: unataka kuzaa? Nikikuta kibaya, niondoe vyote au nitoe upande mmoja nikufunge, tusubiri majibu, hata kama maana yake ni kurudi thieta mara ya pili? Jibu hilo ni lako. Si la mume. Mwanamke mtu mzima mwenye akili timamu anasaini fomu yake ya ridhaa mwenyewe. Mume namheshimu, akae karibu, asikilize. Na ovari moja ikibaki pamoja na kizazi, hedhi inaendelea na mimba inaweza kuingia. Hugeuki mwanaume.

Maandalizi mengine nayapitia haraka. Ndugu wa kuchangia damu waje kabla ya siku yenyewe. Taja dawa zote, na mitishamba pia, sitagomba. Chakula kigumu mwisho ni muda wa saa sita nzima kabla ya nusukaputi. Maji matupu mpaka zibaki saa mbili, kama daktari wa usingizi hajasema vingine. Chai ya maziwa ni chakula. Kumlaza mtu na njaa na kiu tangu jana magharibi mpaka leo alasiri hakumsaidii yeyote. Usijinyoe nyumbani kwa wembe, vile vijeraha ndivyo vinavyoingiza vijidudu. Ikibidi tutapunguza kwa mashine. Piko na rangi ya kucha vinakisumbua kile kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni, acha angalau vidole viwili vitupu. Na shanga za kiunoni, mama zangu, zivueni nyumbani. Mkato unapita hapo hapo. Usipozivua, nesi atazikata kwa mkasi, zitamwagika sakafuni, na nimeshaona mama mtu mzima akiziokota moja moja kwa uchungu kuliko wa operesheni.

Baada ya hapo linakuja kosa la ndugu, la upendo mtupu: "Mwacheni alale, mshono utafumuka." Mshono haufumuki kwa kutembea. Kulala kitandani ndiko kunakogandisha damu miguuni, kunakotuamisha makohozi mapafuni, na kunakofanya utumbo ususe. Siku inayofuata operesheni, mpira wa mkojo ukishatoka, tunataka umeketi, umesimama, umefika dirishani. Anza kwa kugeuka ubavu, jisukume kwa mkono, shusha miguu. Usinyanyuke kama unaamka asubuhi. Ukikohoa, kumbatia mto tumboni. Hofu ya kumnywesha mtu mpaka ajambe nayo imepitwa. Wengi wanaanza maji na uji mwepesi mapema, ingawa tukigusa utumbo tunakwenda polepole. Kujamba bado tunakuulizia kila asubuhi, na tunafurahi kwelikweli.

Tumbo usilikaze kwa kanga mpaka upumue kwa shida. Mkanda mwepesi wa kukusaidia kutembea, sawa. Nyuzi za nje za mkato wa kusimama hutoka kati ya siku 10 na 14, ndoo ya maji ikusubiri wiki sita. Rudi mara moja, usisubiri tarehe ya kliniki, ukipata homa, usaha, tumbo linalojaa na kutapika, mguu mmoja kuvimba, au pumzi kukatika ghafla. Na kama tumetoa ovari zote mbili kabla hujakoma hedhi, joto na jasho la usiku vinaweza kuanza siku chache tu baadaye, usingizi ukaruka, hasira zikawa karibu. Hujarogwa. Njoo tuongee kuhusu homoni, kuna wanaofaa na wasiofaa.

Kurogwa nako kunanileta kwenye uvimbe wenye nywele. Tukiupasua mezani, baada ya kutoka mzima, linatoka fundo la nywele lililolowa mafuta mazito ya njano, na mara nyingine jino kamili. Ni seli ya yai iliyojianzia kutengeneza ngozi peke yake, hakuna jirani aliyeitia mkono, na mara nyingi si kansa. Ndugu wakiomba kuuona tunawaonyesha. Wengine wanatoka wamepauka, wanapiga simu kijijini hapo hapo, na maelezo yangu yote yanaishia mlangoni.

Ila kuuona si kuupima. Sehemu nyingi anayekabidhiwa kontena alipeleke maabara ni ndugu, kwa hiyo hakikisha ndani mna fomalini ya kutosha, takriban mara kumi ya ukubwa wa kinyama. Uvimbe mkubwa unahitaji ndoo yenye mfuniko. Si maji, si spiriti, na usigandishe kwenye friza kama samaki. Jina, tarehe na upande, kulia au kushoto, viandikwe kwenye kontena lenyewe, siyo kwenye mfuniko, maana mifuniko hubadilishana maabara. Majibu huweza kuchukua wiki kadhaa. Yafuateni, hata kama kidonda kimekauka na mgonjwa kesharudi sokoni, kwa sababu karatasi hiyo ndiyo ile shemeji aliyoitaka tangu mwanzo.