Bei Inapokutazama

Wanafunzi wangu hapa Dar es Salaam huniuliza kwa nini nilitoka hisabati ya fedha nikaingia ujifunzaji wa mashine, yaani kuifundisha kompyuta kwa data, kisha nadharia ya michezo, yaani hesabu za watu ambao uamuzi wa mmoja humgusa mwenzake, kana kwamba nimebadili dini mara tatu. Mimi naona swali lilikuwa moja tangu mwanzo: ufanyeje hesabu ya kitu kinachobadilika kwa sababu wewe na wenzako mnakigusa? Nami nililifuata lilikokwenda.

Nilianza na mwendo nasibu wa bei, yaani kupanda na kushuka kusikotabirika, ambao Louis Bachelier aliuandikia tasnifu yake jijini Paris mwaka 1900, na ambao Fischer Black na Myron Scholes waliutumia mwaka 1973 kukokotoa thamani ya opsheni, yaani haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyokubaliwa mapema. Kanuni yao huchukulia kwamba hisa zinauzwa na kununuliwa bila kukoma, na kwamba bei haijali nani ananunua. Nilipochukua bei za hisa moja ya Soko la Hisa la Dar es Salaam, nilikuta tarakimu ileile siku baada ya siku, kwa sababu hapakuwa na mnunuzi. Oda moja kubwa ilipoingia, bei ikaruka. Kabla ya mruko huo, makadirio yangu ya kuyumba kwa bei yalikuwa sifuri, jambo ambalo dalali yeyote angelicheka.

Nikadhani kompyuta ingeniokoa. Katika ujifunzaji wa mashine tunapunguza kosa hatua kwa hatua, kama mtu anayeshuka kilima gizani akipapasa kwa mguu. Mbinu hiyo inafaa mradi kilima kimetulia. Sokoni hakitulii, maana kila anayeshuka anakisogeza.

Hapo ndipo nilipogeukia nadharia ya michezo. Chukua wachezaji wawili. Mmoja anachagua x akitaka kupunguza zao la x na y, yaani x mara y. Mwenzake anachagua y akitaka kuliongeza. Msawazo, yaani mahali ambapo hakuna anayefaidika kwa kubadili chaguo lake peke yake, uko pale ambapo zote mbili ni sifuri. Wakipiga hatua ya 0.1 kwa wakati mmoja, x mpya ni x − 0.1y, na y mpya ni y + 0.1x. Anzia kwenye 1 na 0: utafika 1 na 0.1, kisha 0.99 na 0.2. Kipeo cha pili cha umbali kutoka kwenye msawazo huzidishwa kwa 1.01 kila hatua, hivyo baada ya hatua 100 kimekua karibu mara 2.7. Kila mmoja ametenda kwa busara yake, na wote wanazunguka huku wakipotea. Mara ya kwanza nilifuta ubao na kuanza upya, nikiamini nimekosea alama ya kutoa.

Dawa ninayoipenda ni ya mwanahisabati G. M. Korpelevich, ya mwaka 1976: jaribu hatua, pima mteremko wa huko, kisha rudi ulipokuwa na upige hatua kwa kufuata mteremko huo. Kizidisho cha 1.01 kinakuwa 0.9901, na mzunguko unajikunja kuelekea sifuri. Gharama yake ni kupima mteremko mara mbili kila hatua, na kwa michezo mikubwa ninayoishughulikia sasa, kompyuta yangu hunguruma hadi alfajiri.