Mfuniko wa tenki la samaki wenye filta na taa: yanayosemwa, na hali ilivyo huku kwenye baridi

Saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa saba, kipimajoto cha tenki langu hapa Mbeya kilisoma nyuzi 16. Taa ilikuwa inawaka, pampu inazunguka, maji yanang'aa. Samaki wangu wanane wa aina ya gapi walikuwa wamejibanza kwenye kona karibu na changarawe, mapezi wameyakunja, chakula hata hawakitazami. Mfuniko ule niliununua kwa sababu kijana wa dukani aliniambia, "Mama, hii ina kila kitu, wewe tia maji tu."

Tangu siku hiyo nimefungua mifuniko mingi ya aina hiyo, ya kwangu na ya majirani, na picha nyingine natumiwa kutoka Iringa na Njombe. Kwa asiyeijua: ni kifuniko cha plastiki kinachokaa juu ya tenki. Ndani yake kuna taa ya LED na trei yenye sponji, na chini inaning'inia pampu ndogo. Pampu inavuta maji, inayamwaga kwenye trei, yanachujika kwenye sponji na kurudi tenkini. Ni kitu kizuri sana kikichaguliwa vizuri. Ila maneno mengi yanayosemwa dukani na mtaani hayajanyooka, na huku kwetu mengine yanaua samaki.

"Ina kila kitu"

Hita, yaani kile kifaa cha kupashia maji joto, haimo. Anayeishi Tanga au Dar anaweza kukaa mwaka mzima asilione pengo hilo, maana sebule yake yenyewe ina joto la kumtosha samaki. Mbeya mjini tuko kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa wako chini kidogo ya hapo, Njombe ndiyo usiseme. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane maji yanayokaa sebuleni usiku yanapoa kweli kweli. Gapi anataka nyuzi 22 hadi 28. Nyuzi 16 hazimuui siku hiyo hiyo, zinamlegeza hadi ugonjwa wowote mdogo unamchukua.

Kwa hiyo ukishika mfuniko dukani, taa iache kwanza. Ugeuze, utazame ukingo wa nyuma. Kuna nafasi ya kupitisha waya wa hita? Wa kwangu haukuwa nayo. Nilikata mwenyewe kwa msumeno wa chuma, ufa ukakimbia hadi karibu na trei, na mpaka leo pale pameshikwa na silikoni. Tafuta uliokatwa tayari kiwandani.

Kuhusu ukubwa wa hita, kanuni inayozunguka ni wati 1 kwa kila lita. Kwa nyumba yenye vuguvugu, kanuni hiyo inatosha. Kama sebule yako inashuka hadi nyuzi 14 na unataka maji yabaki 24 au 25, basi tenki la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, yaani lita 54, lipe hita ya wati 100. Na kila unapopunguza maji, chomoa hita kwanza na uiache ipoe. Ikibaki nje ya maji inawaka, kioo chake kinapata moto, na maji baridi yakiigusa inapasuka.

Hapa mfuniko nao unasaidia kwa namna ambayo wauzaji hawaitaji. Maji hupoteza joto jingi kwa kufuka mvuke, na kifuniko kinachokaa vizuri kinaupunguza mvuke huo. Kwa sababu hiyo napenda wenye mlango mdogo wa kulishia, ili nisiinue mfuniko mzima kila asubuhi kwa ajili ya kutupia chakula cha ncha ya kidole. Kuna wanaosogeza tenki dirishani lipigwe na jua. Mchana maji yanapanda, usiku yanaporomoka, na ndani ya wiki mbili vioo vimekuwa kijani kwa mwani.

"Samaki wa Ziwa Nyasa ni wa kwetu, wamezoea"

Hili nalisikia kwa watu wanaotoka Matema au Kyela na ndoo yenye mbuna, wale samaki wa mawe wa bluu na njano ambao watu wa Ulaya na Marekani wanawafuga kwa fahari. Ukishuka kutoka Uyole, ukapita Tukuyu hadi Kyela, unaiacha baridi yote nyuma. Ziwa liko kwenye mita zisizofika 500, na maji ya juu ni ya nyuzi 23 hadi 29. Mbuna wa Matema akiwekwa kwenye tenki la Mbeya bila hita, kwake ni ugenini kabisa. Tena ni samaki wagomvi, walaji wa mimea, wachafuaji wa maji. Lita 54 haziwatoshi na trei ndogo ya mfuniko inazidiwa nao. Ukiwataka kwa dhati, anza na lita 200 na filta kubwa ya nje, mfuniko ubaki wa taa na kuzuia samaki kuruka nje.

Asiyetaka hita kabisa afikirie samaki wa dhahabu. Huyo nyuzi 18 hadi 22 anazipenda, na baridi yetu anaivumilia. Lakini ni mlaji na mchafuzi, kwa hiyo yeye ndiye anayehitaji filta yenye nguvu kuliko wote.

"Lita 400 kwa saa ni lita 400"

Namba ya kwenye boksi imepimwa pampu ikiwa haipandishi maji popote. Ndani ya mfuniko maji lazima yapande hadi kwenye trei, kisha yapenye kwenye sponji ambayo kila siku inazidi kujaa uchafu. Kinachobaki ni pungufu sana. Watu wa samaki husema maji yote yapite kwenye filta mara 4 hadi 6 kwa saa, kwa hiyo kwa lita 54 unatafuta lita 220 hadi 320 zinazorudi kweli. Mimi napima hivi: naweka kikombe cha lita 1 pale maji yanaporudia, nahesabu sekunde. Kikijaa kwa sekunde 15, ni lita 240 kwa saa. Nikiona kinachukua sekunde 25, najua sponji inadai kuoshwa.

"Maji yameng'aa, filta imeshafanya kazi, tia samaki"

Nitalikalia hili, maana ndilo lililoniumiza.

Tenki langu la kwanza nilijaza maji saa tatu asubuhi, filta ikazunguka, jioni maji yalikuwa kama kioo. Nikatia samaki sita siku hiyo hiyo. Siku ya tano walikuwa wanahema juu juu, matamvua mekundu. Siku ya nane alibaki mmoja. Maji bado yalikuwa yanang'aa.

Samaki anatoa amonia kwa matamvua yake na kwa kinyesi, na chakula kilichobaki kikioza kinaongeza. Amonia haina rangi, na kwa kiasi kinachotosha kumuua samaki pua yako haiinusi. Kinachoiondoa ni bakteria wanaojijenga kwenye sponji. Kundi moja linaigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kundi la pili linaigeuza hiyo kuwa naitreti, ambayo samaki anaivumilia mpaka uje kuipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji. Bakteria hao hawauzwi na mfuniko. Wanahitaji wiki 4 hadi 6 kukua, na maji ya baridi yanawachelewesha zaidi, kwa hiyo huku kwetu uwe na subira kuliko kitabu cha maelekezo kinavyosema. Njia ya mkato ya kweli ipo moja: muombe jirani mwenye tenki la zamani lenye samaki wazima kipande cha sponji yake chafu, ukiweke kwenye trei yako.

Ukishalielewa hilo, unabadilisha hata unavyotazama mfuniko dukani. Unataka trei pana, yenye nafasi ya sponji nene. Kuna mifuniko inayokuja na kikaratasi chembamba chenye mkaa ndani, na maelekezo yanasema kitupwe kila mwezi ununue kingine. Ukikitupa, unatupa na bakteria wote, unarudi siku ya kwanza. Na siku nyingine dukani hakipo. Mfuniko unaokulazimisha utumie karatasi zake tu, mimi siununui. Uwe wazi, nikate sponji ya filta kwa mkasi, niipange mwenyewe.

Kuosha nako kuna adabu yake. Sponji inakamuliwa kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tenkini, mara tatu nne, basi. Ukiiweka chini ya bomba, klorini iliyotiwa kutulinda sisi na magonjwa inawaua wale bakteria. Maji mapya ya tenki pia yaache kwenye ndoo wazi siku nzima na zaidi, au utie dawa ya kuondoa klorini.

"Usiku zima kila kitu, luku itaisha"

Tupige hesabu. Pampu ya wati 5 ikizunguka saa 24 inakula uniti 0.12 kwa siku, uniti 3.6 kwa mwezi. Taa ya wati 10 kwa saa 8 ni uniti 2.4 kwa mwezi. Hita ya wati 100 ikiwaka nusu ya siku kwenye miezi ya baridi ni uniti 36. Mlaji ni hita. Unayeona umebana kwa kuzima pampu usiku umeokoa uniti moja na nusu kwa mwezi, na umewanyima bakteria maji yenye hewa kila siku kwa saa kumi. Kama uniti zinakuumiza, bandika ubao wa povu jeupe, lile linalokuja kwenye maboksi ya televisheni, nyuma na pembeni mwa tenki. Hita itapumzika zaidi.

Sasa angalia waya wa mfuniko. Mingine ina waya mmoja na swichi moja kwa taa na pampu. Ukizima taa, filta imekufa. Huo urudishe, hata uwe na bei ya kutupa. Taa iwe na swichi yake.

Na umeme wenyewe ukikatika? Hapa trei ya juu ina faida. Maji yanashuka, sponji inabaki na unyevu ikipigwa na hewa, bakteria wanavumilia saa kadhaa. Filta ya kopo lililofungwa inawakosesha hewa haraka. Ila usijaze tenki hadi ukingoni, maana maji ya kwenye trei yanarudi chini. Acha vidole vitatu. Umeme ukirudi, weka sikio. Pampu nyingine inabaki imebana hewa na kuzunguka kavu mpaka inaungua. Ile sauti ya maji kudondoka utaizoea na utaielewa: ikizidi, ujue kimo cha maji kimeshuka, ongeza.

"Ukifunika, wanakosa pumzi"

Mfuniko haufungi kama chupa. Wasiwasi wa kweli uko kwingine. Kwenye mita 1,700 hewa ni nyepesi, na maji ya joto lile lile yanashika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ya Dar. Ukiyapasha kwa hita yanapungukiwa zaidi. Hapo ndipo uso wa maji unapotakiwa kutikisika. Chagua mfuniko unaorudisha maji kwa kuyadondosha kutoka juu, yapige uso na kuuvunja. Kuna inayoyarudisha kimya kimya kwa mrija uliozama. Inapendeza kwa wenye usingizi mwepesi, ila kwa huku nyanda za juu utalazimika kuongeza pampu ya hewa. Ile ya betri inunue hata hivyo, ikusubiri siku ya giza.

Kuhusu taa sina mengi. Saa 6 hadi 8 zinatosha, kwa taima, na samaki anahitaji giza lake alale. Taa kali kupita kiasi kwenye tenki la mimea ya plastiki inalisha mwani tu.

"Sitini ni sitini"

Wengi wetu tenki linatoka kwa fundi vioo, si kiwandani. La kwangu lilitengenezwa Mwanjelwa, hapa hapa Mbeya, kazi safi, silikoni imenyooka. Mfuniko wa sentimita 60 ulipofika kwa basi kutoka Dar, haukuingia. Nikamuuliza, "Fundi, hivi vioo vya juu umeviweka vya nini?"

"Mama, bila hivyo maji yatasukuma, kioo kitoke tumbo."

Alikuwa sahihi. Vile vipande vya kukaza ukingo ndivyo vilivyoizuia pampu kushuka. Ilibidi avitoe, apandishe kioo cha unene mkubwa zaidi, na nikalipa mara mbili. Nunua mfuniko kwanza, umpelekee fundi aushike mkononi, apime ndani kwa ndani na nje kwa nje, ajue pampu inashukia upande upi na hita itapita wapi.

Na kabla hujautoa kwenye boksi umpelekee, soma kibandiko cha adapta. Kinatakiwa kisome 220 hadi 240 V, 50 Hz. Kikisoma 110 au 120 V peke yake, ni wa soko la Marekani, na ukiuchomeka kwenye soketi yetu utaungua kabla hujaona samaki wako kwa taa yake.